Jinsi ya kumpa mtoto vimeng'enya vya kusaga chakula, maziwa au maharage yanapomkataa

Ninahudumu katika famasia hapa Mbeya, na haipiti wiki bila mzazi kuniwekea mezani kichupa cha vimeng'enya, ama kimetumwa na ndugu aliyeko Dar es Salaam, ama kimenunuliwa mtandaoni, huku akiuliza maswali yale yale: ampe mtoto vidonge vingapi, ampe kabla au baada ya kula, avichanganye kwenye uji au kwenye maji, na je, mtoto akishavitumia ataweza kula kila kitu? Nimeona ni vema niyajibu yote kwa maandishi, hatua kwa hatua, ili mzazi aliye Tukuyu, Mafinga au Makete asilazimike kufunga safari kwa ajili ya jambo analoweza kulifanya nyumbani, na vilevile ajue ni wakati gani safari ya kwenda hospitali haikwepeki.

Nianze na msimamo wangu. Katika mikoa yetu, kumwondolea mtoto chakula ni jambo zito. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 mkoani Iringa wamedumaa na kwamba Njombe ni takribani nusu, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Mtoto wa huku akiambiwa "asiguse maziwa wala maharage" kwa sababu tu tumbo lake huunguruma, anaweza kupoteza zaidi ya alichookoa. Kwa hiyo kimeng'enya kitumike kwa lengo la kumrudishia mtoto chakula kwenye sahani yake, na ndivyo hatua zilizo hapa chini zilivyopangwa.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kimeng'enya ni protini inayokata chakula katika vipande vidogo ambavyo utumbo unaweza kuvinyonya, na kila kimeng'enya kina chakula chake. Laktesi hukata sukari ya maziwa iitwayo laktosi. Alfa-galaktosidesi hukata sukari zilizomo kwenye maharage, kunde na kabichi, ambazo mwili wa binadamu hauwezi kuzikata wenyewe, hivyo hufika utumbo mpana zikiwa nzima na kuchachuka huko hadi tumbo likajaa gesi. Protisi hukata protini, na lipesi hukata mafuta. Kumpa mtoto anayesumbuliwa na maziwa kimeng'enya cha mapapai au cha mananasi, ambacho hukata protini, hakumsaidii kwa laktosi hata kidogo, ingawa kichupa kimeandikwa kwa herufi kubwa kwamba ni cha kusaga chakula.

Mtoto ambaye hupaswi kumwanzishia mwenyewe

Soma sehemu hii hata kama una haraka, kwa sababu hapa ndipo makosa makubwa hutokea.

Kama mtoto akinywa maziwa, akila yai, karanga au samaki hutokwa na vipele vya kuwasha, huvimba midomo au macho, hukohoa, hupumua kwa mluzi au hulegea ghafla, huo ni mzio. Mzio ni kazi ya kinga ya mwili, na hakuna kimeng'enya cha dukani kinachouzuia. Usijaribu chakula hicho tena nyumbani, wala usidhani kwamba kidonge kitamkinga. Akipata shida ya kupumua, mkimbize kituo cha afya au hospitali wakati huohuo.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama pekee. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, na hilo lisimfanye mtu yeyote akuambie uache kunyonyesha. Mtoto akiharisha, endelea kunyonyesha na kumpa ORS. Kwa yeyote ambaye hajatimiza mwaka 1, matone ya vimeng'enya yatolewe kwa ushauri wa daktari tu.

Mtoto anayepungua uzito, mwenye damu kwenye choo, anayetapika nyongo, mwenye homa, au anayeamshwa usiku na maumivu ya tumbo, apelekwe kwa daktari kabla ya jambo lingine lolote. Vivyo hivyo yule ambaye choo chake kina mafuta, kinanuka kupita kiasi na kinaelea, huku hakui vizuri, kwani huenda kongosho lake halitoi vimeng'enya vya kutosha. Huyo hutibiwa kwa vimeng'enya vya kongosho vya hospitali, ambavyo kipimo chake hupangwa kwa uzito wa mtoto na vikizidi sana vinaweza kuharibu utumbo mpana. Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo hudhuriwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, haruhusiwi chapati, maandazi wala mkate hata akipewa kimeng'enya. Mwenye galaktosemia, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hushindwa kuitumia sukari iitwayo galaktosi, hapewi laktesi ili anywe maziwa, wala alfa-galaktosidesi, kwa kuwa vyote viwili hutoa sukari ileile ambayo mwili wake hauiwezi.

Nimeulizwa pia mara nyingi na wazazi wenye watoto wenye usonji, kwa sababu wapo wauzaji wanaovinadi vidonge hivi kama tiba yake. Hakuna kimeng'enya kilichothibitishwa kutibu usonji. Kama mtoto huyo ana tumbo linalosumbuliwa na maziwa, fuata hatua hizihizi kama kwa mtoto mwingine yeyote, kwa ajili ya tumbo lake.

Vitu vya kuandaa

- Daftari na kalamu.
- Kadi ya kliniki ya mtoto, yenye uzito wake wa karibuni.
- Kikombe kimoja ambacho hutabadilisha, ukijua kinajaa mililita ngapi. Pima kwa chupa ya maji ya nusu lita.
- Kijiko cha chai.
- Chakula mbadala cha kutosha kwa wiki 2: mayai, dagaa au usipa wa Kyela, karanga, parachichi, maharage kama siyo yanayoshukiwa.
- Kimeng'enya chenyewe, lakini usikinunue bado.

Hatua za kufuata

1. Mpeleke mtoto akapimwe choo na uzito. Zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kinatosha kwa kuanzia. Minyoo na vijidudu kama giadia huleta gesi, kuharisha na tumbo kuuma, na mzazi aliyeruka hatua hii anaweza kutumia fedha za miezi mitatu kununulia vidonge ugonjwa ambao dawa ya siku chache ingeumaliza. Kama shida ilianza baada ya mtoto kuharisha sana, mwambie mhudumu, kwa sababu kuharisha huchubua utando wa utumbo ambao ndio unaotengeneza laktesi, na utando huo hupona wenyewe, mara nyingi ndani ya wiki chache. Kwa mtoto mdogo hali hiyo ya muda ni ya kawaida kuliko upungufu wa kurithi, ambao hujitokeza polepole kadiri mtoto anavyokua.

2. Andika kwenye daftari kwa siku 7 bila kubadilisha chochote. Andika saa, chakula na kiasi, kisha andika kilichofuata: gesi, kuunguruma, maumivu, choo kilivyokuwa. Laktosi huleta shida kati ya nusu saa na saa chache baada ya kunywa. Maharage huchelewa zaidi. Kumbuka maziwa yaliyojificha kwenye chai, kwenye uji na kwenye maandazi.

3. Chagua chakula kimoja tu kinachoshukiwa, ukiondoe kwa wiki 2. Kama ni maziwa, ondoa maziwa ya kawaida na ya unga, pamoja na mtindi, kwa wiki hizo mbili tu, na badala yake ongeza yai, usipa na parachichi. Usiondoe maziwa, maharage na ngano kwa pamoja, kwani mtoto akipata nafuu hutajua kilichokuwa kinamsumbua, na akikosa vyote vitatu hatakuwa na cha kumkuza.

4. Rudisha chakula hicho bila kimeng'enya. Kwa maziwa, anza na nusu kikombe, yaani kama mililita 125, yenye takribani gramu 6 za laktosi. Mpe pamoja na chakula, siyo tumbo likiwa tupu. Asiposumbuka, ongeza hadi kikombe kizima baada ya siku 2. Wengi ambao maziwa huwakataa huvumilia kiasi fulani, na ukishajua mpaka wa mtoto wako huenda usihitaji kununua chochote.

5. Jaribu njia za jikoni kabla ya dukani. Kwa maziwa, njia hiyo ni mtindi, ambao bakteria wake wamekwisha kula sehemu ya laktosi na huendelea kusaidia kuimeng'enya tumboni. Rungwe, Njombe na Iringa kuna ng'ombe wa maziwa na mtindi haukosekani, nami kwa maoni yangu watoto wengi wanaoletwa kwangu wangetosheka na kikombe cha mtindi. Kuchemsha hakuondoi laktosi, ila maziwa ya kutoka zizini lazima yachemshwe ili kuua vijidudu vya brusela na kifua kikuu, na hata ya mtindi yachemshwe kabla ya kugandishwa. Kwa maharage, yaloweke usiku kucha, mwaga maji yale, yachemshe kwa maji mapya, na mpe mtoto kiasi kidogo kilichopondwa. Maji ya kulowekea huondoka na sehemu ya zile sukari zinazoleta gesi. Watu wengi huyapikia hayohayo kwa kuhofia kupoteza ladha.

6. Nunua kimeng'enya kinacholingana na chakula. Kwa maziwa, tafuta kwenye lebo neno "lactase". Kwa maharage, "alpha-galactosidase". Nguvu ya laktesi huandikwa kwa yuniti za FCC (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya), na vidonge vingi huwa kati ya 3,000 na 9,000, hivyo vidonge viwili vinavyofanana kwa sura vinaweza kutofautiana mara tatu kwa nguvu. Ninashauri kimeng'enya kimoja peke yake badala ya mchanganyiko wa vimeng'enya kumi, kwa sababu mtoto akipata vipele hutajua ni kipi kilichomletea. Nunua kwa mfamasia, muulize kama bidhaa imesajiliwa nchini, na angalia tarehe ya mwisho wa matumizi. Kama lebo ina neno "pancreatin", yaani vimeng'enya vya kongosho, fahamu kwamba mara nyingi hutoka kwa nguruwe, na familia ambayo imani yake hairuhusu ina haki ya kujua hilo kabla ya kulipa.

7. Anza na kipimo kidogo kabisa kilichoandikwa kwa umri wa mtoto. Lebo ikikosa kipimo cha watoto, usigawanye cha mtu mzima kwa kukisia. Nenda nayo kwa mfamasia au daktari. Kipimo cha laktesi hufuata wingi wa maziwa anayokunywa mtoto wakati huo, na kwa sababu hiyo kikombe kisibadilike.

8. Mpe pamoja na funda la kwanza au tonge la kwanza. Kimeng'enya hufanya kazi kikikutana na chakula, kwa hiyo kukitoa saa 1 kabla au baada ya mlo ni kukipoteza. Mtoto asiyeweza kumeza kidonge apewe cha kutafuna, kama lebo imeruhusu umri wake. Kapsuli, ikiwa lebo inaruhusu kuifungua, ifunguliwe mbali na uso wake, maana unga wake ukivutwa puani unaweza kuamsha pumu, kisha unga uchanganywe kwenye kijiko cha chakula kilichopoa na aumalize palepale.

   Usiweke kwenye chakula cha moto. Mama mmoja alinirudishia kichupa akiwa amekasirika, akaniambia, "Dokta, dawa hii ni ya uongo, nimempa wiki nzima tumbo liko vilevile." Nilimwomba anionyeshe anavyofanya. Alieleza kwa uangalifu mkubwa: uji wa ulezi wenye maziwa ukichemka jikoni, anafungua kapsuli, anaumwaga unga ndani ya sufuria, anakoroga mpaka upotee, halafu anaepua. Alikuwa anakipika kimeng'enya. Kesho yake alisubiri uji upoe hadi aweze kuushika mdomoni bila kuungua, akampa mtoto kijiko cha kwanza chenye unga, na baada ya siku nne alipita kunieleza kwamba mtoto amelala usiku bila kulia.

9. Kama una matone ya kutia kwenye maziwa, yatumie kwa maziwa yaliyokwisha kuchemshwa na kupoa. Tia idadi ya matone iliyoandikwa kwa lita, koroga, funika na uweke kwenye friji kwa muda ulioandikwa, ambao kwa kawaida ni saa 24. Maziwa hayo yatakuwa matamu zaidi, kwa kuwa laktosi imegawanyika kuwa sukari mbili zenye utamu mkubwa kuliko yenyewe, na hiyo ni dalili nzuri. Mzazi wa mtoto mwenye kisukari azungumze na daktari kwanza. Asiye na friji asitumie njia hii. Baridi ya Makete mwezi wa Julai haitoshi kuwa friji, na maziwa yaliyokaa nje siku nzima ni hatari kuliko laktosi yenyewe.

10. Pima kwa haki. Mpe maziwa kiasi kilekile siku 3 pamoja na kimeng'enya na siku 3 bila kimeng'enya, ukiacha siku 1 katikati, na uandike. Ikiwezekana, mzazi mmoja aandae na mwingine aandike bila kujua siku ipi ni ipi, kwa sababu sisi wazazi tunapotamani sana mtoto apone huona nafuu hata pale isipokuwepo. Usipoona tofauti, acha kukitumia.

11. Kikifaa, kitumie kwa milo inayokihitaji tu, na upime uzito kliniki kila mwezi. Baada ya miezi 2 au 3, rudia hatua ya 4. Mtoto ambaye shida yake ilitokana na kuharisha huenda amekwisha kupona, na hakuna sababu ya kuendelea kununua.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kusafirisha na kuhifadhi vibaya ndilo la kwanza. Kifurushi kinachotoka Dar es Salaam kwa basi hukaa kwenye buti katika joto la Morogoro na Ruaha Mbuyuni kabla hakijapanda Kitonga kufikia hewa yetu ya baridi, na kikifika mtu hukiweka kwenye rafu juu ya jiko. Joto na unyevu hukiua kimeng'enya kimyakimya, bila kubadilisha rangi wala harufu. Mwombe anayekutumia akifunge vizuri na asafirishe kwa basi la usiku, nawe ukiweke chumbani mahali pakavu.

Kosa lingine ni kuongeza dozi mtoto asipopata nafuu. Kimeng'enya kisichohusika na chakula hicho hakitahusika hata kikiwa mara kumi. Na wapo wanaotumia unga wa mbegu za papai au utomvu wa papai bichi kwa watoto. Utomvu huo huchubua mdomo na unaweza kuamsha mzio, hasa kwa mtoto anayedhuriwa na mpira wa puto au glavu.

Mambo yasipokwenda sawa

*Mtoto alipata nafuu siku za kwanza, sasa shida imerudi.* Angalia kiasi cha maziwa kwanza, kwa kuwa mara nyingi kikombe kimeongezeka na kidonge kimebaki kimoja. Kisha angalia muda: mtoto anayekunywa polepole au anayeendelea kula vitu vya maziwa baada ya dakika 45 anaweza kuhitaji kipimo kingine, kama lebo inavyoruhusu.

*Tumbo linauma hata kwa mtindi na maziwa yaliyotiwa matone.* Hapo huenda tatizo siyo laktosi bali protini ya maziwa. Simamisha maziwa yote na umwone daktari. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa na Ikonda kule Makete ni mahali unapoweza kuanzia. Nenda na daftari lako, kwani litamwokolea daktari muda mwingi wa kukuhoji.

*Amepata vipele au mdomo unawasha baada ya kimeng'enya chenyewe.* Acha mara moja. Vingi hutengenezwa kwa kutumia kuvu, na wapo wanaodhuriwa navyo. Hifadhi kichupa na umwonyeshe mhudumu, ili taarifa ipelekwe kwenye Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

*Choo kimekuwa kigumu.* Mara nyingi chanzo ni chakula kilichopungua wakati wa majaribio. Rudisha maharage, mboga za majani na matunda, na mpe maji zaidi.

*Shuleni anakula makande na hakuna wa kumpa kidonge.* Usimpe mtoto wa darasa la kwanza kichupa kizima mfukoni, maana ataonjesha wenzake. Zungumza na mwalimu wa darasa kuhusu kiasi anachoweza kula, mwekee kidonge kimoja ndani ya karatasi safi mkononi mwa mwalimu, na kama hilo haliwezekani, ale nusu sahani shuleni na maharage yaliyolowekwa vizuri ale nyumbani jioni.

*Kimeng'enya kimekwisha na fedha hakuna.* Usimwachishe chakula. Mpe mtindi badala ya maziwa ya kawaida, au gawanya kikombe kimoja cha maziwa mara mbili, nusu asubuhi na ugali wa mchana ukifuatwa na nusu nyingine, huku ukiendelea kuandika kwenye daftari mpaka utakapoona kiasi ambacho tumbo lake linakipokea.